Puti, kutu na redio ya baba: majibu kwa wasomaji

Marehemu baba alituachia Peugeot 504 stesheni. Imekaa chini ya mwembe miaka kumi na moja. Tuko ndugu wanne na tumekubaliana kuifufua. Tuanzie wapi? (Tanga)

Poleni, na hongereni kwa kukubaliana. Anzeni chini. 504 haina chesisi, yaani fremu ya chini, ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Sakafu na vizingiti vya milango vikishaliwa, injini nzuri haiwasaidii. Toeni mazulia yote, mgonge bati kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na ukikisukuma kwa ncha bisibisi inazama. Majani ya mwembe huziba vitundu vya kutolea maji chini ya milango, kwa hiyo vizibueni siku ya kwanza. Na msimsikilize anayetaka kuinunua kwa kilo. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978.

Fundi anasema atapiga puti kwenye matundu, siku mbili gari liko tayari. Nimkubalie? (Mombasa)

Usimkubalie. Puti ni ya kusawazisha bati lililokwisha kunyooshwa, unene wa milimita mbili tatu basi. Si ya kuziba tundu. Hunyonya unyevu, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani kutu huendelea kula kwa nyuma hadi kipande kizima kidondoke na rangi yake. Mimi mwenyewe nililipia kazi ya namna hiyo. Masika mawili tu, tao la tairi likafunguka.

Bati bovu likatwe mpaka kwenye chuma cheupe, kipande kipya kichomelewe, kisha praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga kutu, ipakwe siku hiyohiyo, maana chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja huamka na kutu. Kabla ya kuchomelea kwa umeme, chomoeni betri na nyaya za altaneta, ile mashine inayochaji betri.

Na kabla ya kumlipa fundi, chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kitambaa laini, ipitishe kwenye bodi. Inapolegea, hapo kuna puti nene.

Je, sumaku hiyo itafaa kwenye Land Rover ya zamani? (Arusha)

Kwenye chesisi, ndiyo. Bodi yake sehemu kubwa ni aluminiamu, haishiki sumaku. Huko tazama pale aluminiamu inapokutana na chuma. Ndipo inapogeuka unga mweupe.

Redio ya gari inawaka taa lakini inakwaruza na kunguruma. Fundi anataka kuweka mpya ya skrini. (Nakuru)

Mwambie asubiri. Sikiliza kwanza. Mluzi ukipanda unapokanyaga mafuta, kelele inatoka kwenye altaneta: safisha pale waya wa redio unaposhika bodi na uweke kapasita ya kuzuia kelele. Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, kitufe kina uchafu. Dawa ya kusafishia swichi inatosha. Ikinguruma hata injini ikiwa imezimwa, na sauti ni hafifu, kapasita zimekauka. Ni za bei ndogo, fundi redio yeyote anazibadilisha.

Ukiijaribu mezani, weka fyuzi, na usiiwashe bila spika. Transista za sauti zinaweza kuungua. Hakikisha pia upande wa betri unaoshika bodi: magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa chanya kwenye bodi. Ukikosea hapo umeiua.

Mjukuu wangu wa miaka tisa anataka kusaidia. Nimpe kazi gani? (Moshi)

Shikamoo bibi. Usimpe msasa, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hata wakubwa wasugue kwa maji. Mpe mikebe ya skrubu aiandike majina, apige picha nyaya kabla hazijachomolewa, aoshe vitufe vya redio. Redio nyingi za masafa ya kati zina skrubu ndogo ya kurekebisha antena, karibu na tundu la waya wake. Tafuta stesheni hafifu karibu na kilohezi 1400, kisha yeye aizungushe polepole huku wewe umekaa kitini ukimwambia sauti inapopanda.