Kwa Nini Picha Zangu za Maua Hazina Watu

Kwa Shangazi, kwa binamu zangu, na kwa yeyote mwingine aliyeuliza,

Wiki hii katika kundi letu la familia yameulizwa maswali matatu kuhusu picha ninazotuma kutoka Japani, nami nimeona heri niyajibu kwa pamoja na kwa maandishi, kwa sababu kila nikijibu kwa sauti ya dakika moja huzuka maswali mengine mawili. Binamu yangu wa Arusha ameuliza kama nilikuja huku kufanya kazi au kupiga picha maua. Mpwa wangu, ambaye anataka kununua simu, ameuliza ninatumia simu gani. Shangazi, kama kawaida yake, ameuliza swali fupi lililo gumu kuliko hayo yote: mbona maua tunayaona kila siku, wewe mwenyewe huonekani?

Nianze na saa. Picha karibu zote mlizozipokea tangu mwisho wa Machi zimepigwa kati ya saa kumi na mbili kasoro robo na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mwanga wa saa hizo ni mzuri kweli, lakini sidamki kwa ajili yake. Ndiyo saa ninayotoka kazini. Mwanafunzi mgeni aliyepewa kibali cha kufanya kazi anaruhusiwa saa 28 kwa wiki na si zaidi, nami zangu nimezigawa katika usiku wanne, kwenye kiwanda kinachofungasha vyakula vya mchana vya kuuzwa madukani, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Nilichagua usiku kwa sababu sheria ya huku inamtaka mwajiri aongeze angalau robo ya malipo kwa saa hizo. Mchana nipo chuoni, najifunza ufundi wa magari. Kutoka kiwandani hadi chumbani kwangu ni mwendo wa dakika arobaini kwa baiskeli, na njia ya mkato inafuata mfereji wa Minuma, hapa mkoani Saitama, kaskazini mwa Tokyo. Mfereji huo ulichimbwa mwaka 1728 kupeleka maji kwenye mashamba ya mpunga, na leo miti ya sakura, yaani micheri ya Kijapani ya maua, imepandwa kando yake kwa zaidi ya kilomita 20. Kwa hiyo, binamu, sijawahi kufunga safari kwenda kutafuta maua. Nayapita nikienda kulala.

Hiyo ndiyo sababu picha zangu hazina watu. Mmoja wenu aliandika kwamba Japani inaonekana nchi tulivu isiyo na msongamano, nikacheka peke yangu, kwa sababu ningempeleka kituo cha treni cha Omiya saa mbili asubuhi, au bustani ya Ueno siku ya Jumapili maua yakiwa yamechanua, asingerudia maneno hayo. Ueno wakati huo watu hutandika maturubai ya buluu chini ya miti, hupanga viatu ukingoni kama tufanyavyo sisi kwenye mkeka, kisha hula na kunywa hadi jioni, na katika kila kampuni kuna kijana aliyetumwa tangu asubuhi kuja kukalia turubai ili wakubwa wake wakifika wapate nafasi. Mimi saa hizo nimelala, dirisha limezibwa kwa kipande cha boksi. Picha nawatumia kabla ya kufumba macho, wakati nyumbani ni saa saba usiku, kwa kuwa tumewatangulia kwa saa sita. Mnapoamka mnazikuta, nanyi mnadhani nimeamka mapema kufurahia maisha.

Kuna ua moja ambalo sijawahi kuwatumia picha yake, nalo ndilo ninalolijua kuliko mengine yote. Ni la karoti. Majira haya maduka hutaka chakula chenye sura ya sakura, basi kiwandani kwetu karoti hukatwa vipande vyembamba vyenye ncha tano na mkato mdogo katika kila ncha, kama petali lilivyo. Mkanda unatembea, kisanduku kinafika mbele yangu kikiwa na wali upande mmoja, naweka ua moja kwenye pembe ya kulia ya wali, sura ya juu ikitazama juu, kisha kinafika kingine. Ua likigeuka au likiteleza kuelekea kwenye samaki, mama aliye baada yangu hulirekebisha bila kuniangalia. Usiku mmoja naweka maelfu. Simu haziruhusiwi mle ndani. Zinabaki kwenye kabati la chuma pamoja na saa ya mkononi na hata pete, tukavae kofia ya wavu, kofia nyingine juu yake, barakoa na glavu, na ni macho tu yanayobaki nje. Ningeruhusiwa picha moja tu ya majira ya kuchipua Japani, ningepiga mkanda ule.

Shangazi aliwahi pia kuuliza kama tukishamaliza kupiga picha huwa tunakula matunda yake. Hapana, Shangazi. Aina iliyojaa mijini inaitwa Somei Yoshino, na imetunzwa kwa ajili ya maua. Kitunda chake ni kidogo na kichungu, ndege wanakipenda kuliko watu. Miti hiyo haipandwi kwa mbegu. Hubebeshwa, kama Mjomba anavyobebesha miembe yake, na kwa kuwa yote imetokana na kikonyo cha mti mmoja, ni kama mti uleule umesimama mahali pengi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mtaa mzima huchanua pamoja na kupukutika pamoja, na ndiyo maana watu huku wana haraka: tangu maua ya kwanza hadi mti kujaa ni kama wiki moja, na baada ya wiki nyingine, au mapema zaidi mvua ikinyesha, yamekwisha. Pale Tokyo kuna mti mmoja ndani ya hekalu la Yasukuni ambao maofisa wa hali ya hewa huutazama kila siku, na yakifunguka maua matano au sita hutangazwa rasmi kwamba sakura imechanua. Tangazo hilo huwa habari ya taifa. Nilipolisikia mara ya kwanza niliikumbuka mijakaranda ya Arusha, inavyomwaga zambarau barabarani kila Oktoba na Novemba, nasi tulivyokuwa tukiikanyaga kwenda shule bila kuinua macho.

Sasa swali la mpwa wangu. Simu yangu ni ya mtumba, ina ufa kwenye kona ya kioo, na wala si ya bei unayoidhania. Kabla hujanunua mpya, futa lenzi ya hiyo uliyo nayo kwa kitambaa laini, kwa sababu nusu ya ukungu unaoulalamikia ni mafuta ya vidole. Jambo la pili ni mbingu. Maua ya sakura ni meupe kuliko yanavyoonekana kwenye kalenda, na ukiyapiga yakiwa mbele ya mawingu meupe yatatoka ya kijivu kama majivu, kwa kuwa kamera huona weupe mwingi ikajipunguzia mwanga. Tafuta kitu cheusi nyuma yake: shina la mti wenyewe, ukuta wenye kivuli, maji ya mfereji kabla jua halijayafikia. Kisha gusa ua kwenye kioo, ushikilie kidole mpaka mwangaza ujifunge, na upandishe kidogo kwa kukisogeza juu. Usivute picha kwa vidole; sogea kwa miguu. Kwa petali zinazoanguka, ile ambayo wenyewe wanaiita tufani ya maua, tumia nafasi ya kupiga picha nyingi mfululizo, nyingi utazifuta, moja itakuwa na petali mahali ulipopataka.

Na usiniombe nikununulie simu huku. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutoa mlio kila unapopiga picha, na mlio huo hauzimiki. Hakuna sheria inayoagiza hivyo. Ni makubaliano ya makampuni ya simu tangu simu zenye kamera zilipoenea miaka ya 2000, kwa sababu walikuwepo wanaume waliokuwa wakipiga picha wanawake kwa siri kwenye treni na ngazi za umeme. Tabia yenyewe ndiyo iliyowekewa sheria ya nchi nzima, tangu Julai 2023. Ukiitumia simu ya namna hiyo nyumbani, huenda ikapiga kelele kanisani na msibani.

Mlio huo uliniaibisha Aprili ya mwaka jana, na ni afadhali mlijue hili kabla hamjaniambia tena nipige picha za watoto na sare zao. Chini ya paa la kituo kidogo ninachokipita kuna kiota cha mbayuwayu, na wahudumu wamepigilia kibao chini yake ili kinyesi kisiwaangukie abiria, pamoja na karatasi inayoomba watu wawe waangalifu. Nililipenda jambo hilo, nikasimamisha baiskeli nikapiga. Mwaka wa masomo huku huanza Aprili, na wakati uleule walikuwa wanapita watoto wa darasa la kwanza, kofia za manjano, mikoba migumu mgongoni inayowazidi upana. Kacha! Mama mmoja akamvuta mwanawe upande wa pili. Mzee wa kuvusha watoto, mwenye fulana ya kung'aa na bendera ndogo, akanijia akaniuliza kwa adabu kubwa nilikuwa napiga nini. Nikamwonyesha. Alikuwepo mbayuwayu, na kwenye pembe ya chini ilikuwepo kofia moja ya manjano. Akaomba niifute, nikaifuta mbele yake. Kisha akasimama pale akasubiri watoto wamalizike kupita, akanionyesha kwa mkono kwamba sasa ninaweza kupiga. Ile mliyoipenda nyote, ya makinda manne yenye midomo wazi, ni hiyo ya pili. Lakini tangu siku hiyo, nikiona watoto mbele, simu inabaki mfukoni, kwa sababu mtu mweusi mrefu anayenyanyua kamera karibu na shule hapewi muda wa kueleza, na bahati ya kukutana na mzee yule sidhani kama itanirudia.

Picha nilizobaki nazo ni za vitu. Magodoro membamba yaliyoanikwa barazani siku ya kwanza ya jua. Wavu wa buluu uliofunikwa juu ya mifuko ya taka ili kunguru wasiitoboe, umejaa petali. Kochi lililotolewa nje na mtu anayehama, lina stika aliyoilipia ili gari la taka lije kulichukua; mkaniuliza wote kwa pamoja mbona sikulichukua. Haichukuliwi, ndugu zangu. Kitu kikishawekwa pale kinasubiri gari, na chumba changu chenyewe kisingeweza kulipokea.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kuhama, niseme wazi jambo ambalo binamu alilizungukazunguka. Pesa hazikuja Machi wala Aprili kwa sababu majira ya maua ndiyo majira ya ada. Muhula mpya unaanza, chuo kinadai, na mkataba wa chumba changu, ambao kila baada ya miaka miwili hulipiwa kodi ya mwezi mzima ya ziada kwa ajili ya kuuendeleza tu, uliangukia mwezi uleule. Nilipowatumia picha ya mfereji uliofunikwa petali mpaka maji hayaonekani, mkaandika "unaishi peponi", nilikuwa nimekula wali na yai kwa siku ya tano. Sikuwaambia. Ua halina gharama, na kulituma kulikuwa kunanipa la kuwaambia siku ambazo sikuwa na jingine. Hapo kosa ni langu, kwa sababu niliacha mdhani.

Sauti yangu iliyomtia Shangazi wasiwasi, akidhani ninalia, ilikuwa ni chavua. Baada ya vita kuu ya pili Wajapani walipanda milima mizima kwa mierezi ya mbao, aina ya sugi, na kila mwaka kuanzia Februari miti hiyo humwaga unga unaowafanya mamilioni ya watu wapige chafya. Mwaka wa kwanza na wa pili niliwacheka. Mwaka wa tatu ukanikuta. Macho yanawasha, pua inachuruzika, na picha za mwaka huu nyingi nimezipiga nikiwa sioni vizuri ninachokipiga.

Kuhusu kutoonekana, Shangazi, ningeweza kusingizia kamera. Mwenye ngozi kama yetu akisimama mbele ya maua meupe, simu hupima mwanga wa maua ikauacha uso gizani, ukatoka kivuli chenye meno. Hilo lina dawa: unagusa uso badala ya ua. Ukweli ni kwamba saa kumi na mbili asubuhi, baada ya saa saba za kusimama, uso wangu haukuwa uso niliotaka muuone, na wa kunishikia simu hakuwepo.

Leo nimeiegemeza simu kwenye kikapu cha baiskeli, nikaweka sekunde kumi, nikasimama. Maua yameshapukutika kwa kiasi kikubwa, majani mapya yanatokeza, na nyuma yangu mfereji una rangi mbili. Nimeiambatisha hapa bila kuihariri. Ule mstari mwekundu unaokata paji la uso ni alama ya kofia ya wavu. Huchukua kama saa moja kufutika.