Jibu: Kuzamia Diani peke yangu, natokea Kisumu

Ndugu, umeuliza kama unaweza kwenda kupiga mbizi Diani bila mwenza. Nenda tu. Vituo vya huko huwapanga wanaokuja peke yao wawili wawili, au wewe hupangwa pamoja na kiongozi wa kuzamia. Waandikie mapema uwaambie uko peke yako, cheti cha kuzamia ulicho nacho (cha mwanzo kinakuruhusu hadi kina cha mita 18) na ulizamia lini mara ya mwisho.

Mwenza usiyemjua usimwonee haya. Mkiwa bado kwenye mashua, mwonyeshe mkanda wako wa vyuma (ule wa uzito wa kukushusha chini) unavyofunguka, naye akuonyeshe ilipo pumulio yake ya akiba. Mkubaliane pia hewa ikibaki kiasi gani ndipo mnapanda.

Msimu ni kaskazi, Novemba hadi Machi. Kusi ikivuma bahari huchafuka.

Sisi wa bara tunachosahau ni safari ya kurudi. Kungoja saa 18 baada ya kuzamia kabla ya kupanda ndege wengi wanajua. Lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Nakuru kuja kwetu inapita juu zaidi ya hapo, kwa hivyo hata basi la jioni hiyohiyo linaweza kukuletea mapovu mwilini: naitrojeni uliyoivuta ukiwa chini ya maji hutoka kama mapovu ukipanda kwenye hewa nyepesi, na yanaweza kukudhuru. Lala pwani usiku mmoja zaidi, tena bila kuzamia.

Ziwani kwetu usijaribu peke yako: maji ni tope, na viboko wapo.