Kwa unayeanza kusimamia saraka ya LDAP

Ukikabidhiwa seva ya saraka ya LDAP (hifadhi ya akaunti na vikundi ambayo mifumo mingine huiuliza) kwa mara ya kwanza, utatamani kufungua Apache Directory Studio, programu ya kutazama na kuhariri saraka, uingie kwa akaunti ya msimamizi mkuu na uanze kurekebisha. Nakusihi usifanye hivyo. Omba kwanza akaunti ya kusoma tu, ukae nayo wiki mbili tatu. Kazi nyingi za mwanzo ni kutafuta na kuelewa mti wa maingizo (rekodi za watu na vikundi) ulivyopangwa, na hakuna hata moja inayohitaji ruhusa ya kufuta.

Kwenye kuunganisha, wengi hukwama kwenye jina la akaunti. Seva inataka anwani nzima, kutoka jani hadi shina: uid=juma,ou=watumishi,dc=mfano,dc=org. Ukiruka kipande kimoja, tuseme ile ou (tawi la mti), unapata kosa namba 49, na seva kwa usalama haisemi kama kilichokosewa ni jina au nenosiri. Nimeona watu wakibadilisha nenosiri mara tatu ilhali nenosiri lilikuwa sawa tangu mwanzo. Basi anza kukagua jina.

Poti 389 (mlango wa muunganisho) huanza bila ulinzi, hivyo washa StartTLS, yaani amri ya kuanzisha usimbaji fiche wa TLS, kabla ya kutuma nenosiri, au tumia 636 ambayo ina TLS toka mwanzo. Programu ikikuonyesha cheti (kitambulisho cha seva) usichokitambua, usikubali tu ili kazi iende. Muulize anayesimamia vyeti.

Sasa sikiliza hili, maana lilinigharimu. Nilitaka kumwongeza mtumishi mmoja kwenye kikundi. Faili langu la LDIF (maandishi ya kawaida ya kuorodhesha maingizo au mabadiliko yake) lilikuwa na mistari minne tu, na wa tatu niliandika "replace: member" badala ya "add: member". Seva ikatii: ikawaondoa wanachama wote, ikambakiza yule mmoja. Sikuonyeshwa kosa lolote, kwa sababu amri ilikuwa sahihi kabisa. Asubuhi yake watu wakaanza kupiga simu kwamba hawawezi kuingia kwenye mifumo. Kilichotuokoa ni nakala ya jana yake aliyokuwa nayo mwenzangu.

Tangu siku hiyo sigusi tawi lolote kabla ya kulitoa lote kwenye faili la LDIF lenye tarehe kwenye jina lake. Nawe fanya hivyo hata kama unabadilisha namba ya simu ya mtu mmoja.

Halafu hesabu kilichotoka. Seva ya saraka ya OpenLDAP isiporekebishwa hukata utafutaji kwenye maingizo 500, na ile ya Microsoft, Active Directory, hutoa 1000 kwa mkupuo. Ukikuta nakala yako ina maingizo 500 kamili, itilie shaka hapo hapo. Kwa OpenLDAP, ingia kwenye seva yenyewe utumie amri ya slapcat. Hiyo husoma hifadhidata moja kwa moja, na kikomo hicho hakiigusi.