Seansi ishirini si siku ishirini: kwa ninyi mliofika urolojia

Wadogo zangu, wiki hii nimemsikia tena mmoja wenu akimwambia papa wa Katuba, mwenye saratani ya tezi dume na anayetumwa ng'ambo ya mpaka kwa mionzi: “Lusaka ni siku ishirini tu, papa, halafu unarudi.” Mke wake akaanza kuhesabu pesa palepale. Nawapenda, lakini hili tuliache.

1. Hesabuni wiki. Mionzi hupigwa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo seansi 20 ni wiki nne, kama hakuna sikukuu na mashine haijalala. Kabla ya hapo kuna skana ya kupanga, kuchora tezi dume, kibofu na rektamu (mwisho wa utumbo mkubwa), kisha mpango kukaguliwa. Siku zote hizo mgonjwa anakula na analipa chumba.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, aliyetoka kwetu na maneno hayohayo. Watoto walichanga pesa ya siku ishirini kamili: basi la Kasumbalesa mpakani, malazi, chakula. Sehemu kubwa ikaishia kwenye kusubiri mpango. Pesa ilipokatika hakuwa na maumivu yoyote, akajiona mzima, akapanda basi. Alikuja rendevu (miadi) amevaa koti lake zuri, ametubebea machungwa ya shukrani. Daktari mkubwa akasoma karatasi, akauliza: “Papa, zilibaki ngapi?” Akajibu kwa furaha: “Sita tu.” Sita za 3 Gy (grei, kipimo cha dozi ya mionzi) ni 18 kati ya 60, karibu theluthi ya dozi! Na pengo haliondoki kwa kuendelea pale alipoachia. Seli zilizobaki hai zinajitengeneza, na wale wa mionzi inabidi wapige hesabu upya. Alirudi, baada ya simu nyingi na mchango mwingine. Binti yake aliuza cherehani. Mzee hakukosea chochote, alifuata tulichomwambia.

2. Msijumlishe Gy kama mifuko ya unga. Kuna anayedhani 60 kwa seansi 20 ni tiba ya maskini, kwa sababu zamani ilikuwa 74 kwa 37 au 78 kwa 39. Alfa-beta ya saratani ya tezi dume (namba inayoonyesha jinsi inavyoumizwa na ukubwa wa kila pigo; ikiwa ndogo, pigo kubwa huumiza zaidi) ni ndogo, takriban 1.5, hivyo kila pigo la 3 Gy linaiumiza zaidi. Pigeni hesabu, mtapata ni sawa na kama Gy 77 zikitolewa kwa mapigo ya 2 Gy. CHHiP, utafiti wa mionzi ya tezi dume uliotolewa 2016 kwa wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha 60 kwa 20 si duni kuliko 74 kwa 37. 57 kwa 19 haikufaulu mtihani huo. Kwa hiyo hata seansi moja isidharauliwe.

3. Kibofu kijae, rektamu iwe tupu: mfundisheni hapahapa kabla hajavuka mpaka.

4. Sindano za kuzuia homoni ni miezi 6 kwa hatari ya kati, 18 hadi 36 kwa hatari kubwa. Andikeni tarehe ya sindano ijayo kwenye barua, maana itamkuta ugenini.

5. Seansi tano zenye jumla ya 36.25 Gy zipo, lakini si kwa kila mgonjwa wala kila mashine. Msiahidi. Wengi wanatufikia PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikiwa mamia na mifupa inauma. Tafuteni metastasi (saratani iliyosambaa) kwanza, kwani kwa maumivu ya mfupa 8 Gy mara moja mara nyingi inatosha. Na anayelia mgongo huku miguu ikilegea hangoji rendevu: mwamsheni daktari mkubwa usiku huohuo.