Usitafute mpinzani kama wali uko jikoni

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, tangu tupate mtoto PlayStation (PS) yangu imekaa kabatini. Nikicheza mke wangu ananuna, nisipocheza najiona mzee. Niuze tu?"

Usiuze. Ulizia kwanza bei ya kununua nyingine mwakani, utanielewa.

Kwa wageni: mimi ni muuguzi, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na gemu nacheza tangu enzi za PS2 na lile gemu la mpira, Winning Eleven, tulipokuwa tunabanana sebuleni na kaka zangu na anayefungwa anaachia pedi. Nilikuwa siachii mara nyingi. Kaka zangu wapo, waulizeni.

Siri yangu ni moja: sianzi mechi nisiyoweza kuimaliza. Mechi za mtandaoni kwenye EA FC, gemu la mpira ambalo zamani liliitwa FIFA, kwa kawaida zina dakika 6 kila kipindi. Weka na mapumziko, weka na yule bwana anayeingiza wachezaji wa akiba mmoja mmoja kama kocha anayelinda goli moja, unapata robo saa na ushee. Ikienda muda wa nyongeza na penalti, hesabu nusu saa. Sasa kama wali uko jikoni, au mtoto ameshaanza kugeukageuka kitandani, unatafuta mpinzani wa nini? Kule upande wa pili kuna mtu. Pengine naye ametoka kazini, kaomba ruhusa kwa mwenzake, kanunua bando kwa ajili ya mechi hiyo. Wewe unakata dakika ya 70 kwa sababu mbili: unafungwa, au unaitwa. Zote mbili ulizijua kabla hujaanza.

Ndiyo maana watu wakiniuliza kuhusu kupanga muda halafu wakaniuliza kuhusu ustaarabu, jibu langu huwa hilohilo. Aliyepanga muda wake vizuri hakati mechi za watu, hamfokei mtoto aliyepita mbele ya TV, na wala hachezi huku roho iko juu.

Kwetu TV ni moja. Nikiwa zamu ya asubuhi, watoto wanalala saa tatu usiku, vyombo vikiwa vimeoshwa mimi nashika pedi. Simwambii mume wangu "nacheza kidogo". Kidogo ni kiasi gani? Namwambia mechi mbili, zikiisha nazima, hata kama ya pili nimefungwa. Hasa kama nimefungwa. Hapo ndipo atakapoliamini neno lako, na wiki inayofuata hutaombaomba. Siku Yanga wanacheza rimoti ni yake, sina neno. Mimi ni Simba, yeye Yanga, na ile jioni ya tarehe 5 Novemba 2023 walipotupiga tano kwa moja nilimwomba mechi ya kisasi kwenye PS. Alikataa. Akasema matokeo ya siku hiyo yanamtosha mpaka uzeeni. Bado yananiuma, na bado ananidai nikiri kwamba yananiuma.

Nikiwa zamu ya usiku sigusi mpira kabisa. Mwili uliochoka haustahimili kufungwa. Hapo nacheza Stardew Valley, gemu la shamba lililotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, likatoka 2016. Unapanda viazi, unamwagilia, unavua samaki, hakuna anayekutukana. Siku moja ya humo ni kama dakika 14 hivi, ukienda kulala inajihifadhi yenyewe, nawe unazima. Mtoto akilia katikati unasimamisha, samaki hawakulaumu. Nimewashauri wenzangu wengi wodini wenye watoto wadogo waanze na gemu za namna hii, na waliosikia wananishukuru. Wengine waling'ang'ania mpira wa mtandaoni wakiwa na mtoto mchanga mapajani, wakaishia kuuza mashine kwa bei ya kutupa.

Na umeme jamani. Usiilaze mashine ukitegemea kesho utaendelea pale ulipoishia. Hifadhi, zima. Unajua tunapoishi.

Kuna wifi yangu kila akinikuta na pedi husema "huo ni ulevi". Nimemjibu kwa kitabu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Shirika la Afya Duniani kweli limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini soma masharti yake: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya mambo mengine ya maisha yake, anaona madhara na bado anaendelea, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12 au zaidi. Mechi mbili baada ya kuosha vyombo hazimo. Ukiona dalili hizo kwako, hilo si la kwangu mwanablogu, nenda kamwone daktari. Wifi yangu, kwa taarifa, huangalia tamthilia za Kituruki mpaka saa saba usiku. Haya.

Sasa niwape habari ya Jumamosi, maana wengi mmeshaisikia kwa upande mmoja. Banda la gemu la mtaani kwetu liliandaa mashindano, nikajiandikisha. Nilipofika kijana wa mlangoni akaniambia, "Mama, kama unamtafuta mtoto, yuko nyuma kule." Nikamwonyesha jina langu kwenye karatasi. Kicheko chake kilikatika raundi ya kwanza, aliponikuta mbele yake. Alikula nne.

Nusu fainali wakanipa pedi ambayo wenyeji wote wanaijua. Kile kidude cha kushoto kimelegea, ukiachia kidole beki anatembea mwenyewe kuelekea kibendera cha kona. Hakuna aliyeniambia. Nikajikamua hivyohivyo, mbili kwa moja. Fainali, ile pedi ikamwangukia mpinzani wangu, mtoto aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, naye anaona haya kusema. Nikamwambia mwenye banda alete pedi nzuri nyingine, hatuanzi mpaka ije. Kelele! Watu wameshalipa kuangalia. Pedi ikaja. Yule mtoto akanifunga tatu kwa mbili, goli la tatu dakika ya 88, kipa wangu katoka bila kuitwa.

Ndiyo, kwa pedi ile mbovu ningechukua kombe. Nimeliwaza hilo kila siku tangu Jumamosi. Lakini asubuhi yake yule mtoto aliyenifunga alinipita kituo cha daladala akaniamkia, "Shikamoo mama, siku nyingine tena," mbele za watu, na yule aliyenicheka mlangoni alikuwepo.

Ndugu zangu, tumeshakuwa watu wazima, tucheze kama watu wazima. Ukifunga, furahi, halafu bonyeza kuyaruka marudio, mpira uende kati. Zile mbwembwe za mchezaji kujiwekea kidole mdomoni kumwambia mwenzako anyamaze, waliotengeneza gemu wenyewe walikuja kuziondoa kwenye FIFA 21 kwa sababu watu walichoshwa. Waliopo kazini mchana kutwa wanatukanwa na mabosi, abiria na wagonjwa. Usiku wanakuja kupumzika, wanakutana na wewe na marudio ya goli lako mara tatu.

Na maiki. Miaka ya nyuma niliwasha maiki kwenye mechi moja, nikasalimia tu, "Habari yako." Sauti ya Kiswahili safi ikanijibu nirudi jikoni, ikaongeza na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa heshima ya wazazi wanaosoma. Mimi mgonjwa amenitapikia na sikutikisika, lakini usiku ule nilizima mashine nikakaa. Tangu hapo nimenyamaza mtandaoni. Akina dada wengi mnacheza nami mkidhani ni mwanaume, na akina kaka wengi nimewafunga mkidhani hivyohivyo. Mwenye tabia hiyo simjibu. Namripoti, nazima sauti yake, namaliza mechi yangu. Mabinti wanaoanza, fanyeni hivyo, msiache gemu kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kukaba.

Wanaume mnaosikia mwenzenu akiropoka hivyo kwenye kundi lenu, mwambieni palepale anyamaze. Msisubiri mpaka awe dada yenu.

Wiki ijayo niko zamu ya usiku, sitajibu ujumbe haraka. Na yule wa Morogoro aliyeuliza kuhusu PS4 ya mtumba: ndiyo, chukua, ila washa ukiwa palepale dukani, weka mchezaji katikati ya uwanja, achia pedi, uangalie kama atatulia.