Beji za Wajerumani: Geuza Nyuma Kwanza

Wiki hizi meseji za beji zimenijaa, nadhani ni ile picha tuliyotoa toleo lililopita. Nimechagua nne. Mlionitumia picha za mbele tupu bila nyuma mnisamehe, sina la kuwajibu, na mkisoma mtaelewa kwa nini.

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Lushoto. Marehemu babu alikuwa seremala, kabla ya vita ya pili alikuwa anawatengenezea masetla fanicha huku Usambara. Juzi kwenye sanduku lake la misumari nimekuta kibeji cha duara, katikati kina swastika nyeusi (ule msalaba uliopinda wa Wanazi), pembeni duara jekundu lenye maandishi. Jamaa mmoja wa mambo ya utalii kasema hiyo ni hela ndefu, mwingine kasema ni feki tu ya juzi juzi. Nimshike yupi? (Mjukuu wa Fundi)

Marahaba mjukuu. Kwanza usimshike yeyote kati yao, na tafadhali sana usiisugue. Najua mkono unawasha kuchukua majivu na ndimu kama mama zetu wanavyosugua masinia, ila ukisugua umefuta nusu ya ushahidi.

Hiyo hadithi yako inawezekana kabisa. Wajerumani walifukuzwa Tanganyika baada ya vita ya kwanza, wakaruhusiwa kurudi 1925, wakajaa tena Usambara, Arusha, Iringa huko, na miaka ya 1930 chama cha Hitler, yaani NSDAP, kilikuwa na idara yake ya Wajerumani wa nje na matawi yake yalifika mpaka Tanganyika. Septemba 1939 vita ilipoanza Waingereza wakawakusanya wanaume wa Kijerumani wakawaweka kizuizini, na mtu anayesombwa ghafla namna hiyo anaacha vitu, anatupa vitu, anamwachia fundi vitu. Kwa hiyo kukuta beji kwenye sanduku la misumari Lushoto si muujiza. Lakini kuwezekana ni kitu kimoja na kuwa kweli ni kitu kingine, maana mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza Hamburg niliuziwa beji gulioni na mzee mmoja mwenye hadithi tamu mpaka machozi yakanilenga, kumbe kabeji kenyewe kalikuwa hakajafikisha hata miaka kumi.

Sasa kaa chini mchana penye mwanga, tafuta lensi, ile ya fundi saa inatosha. Beji ya kawaida ya chama ilikuwa na upana wa kama milimita 23, na maandishi ni NATIONAL-SOZIALISTISCHE-D.A.P. Hiyo rangi nyekundu na nyeupe haikuwa rangi ya kupaka, ni enameli, yaani unga wa kioo unaoyeyushwa motoni juu ya chuma halafu unasuguliwa usawa na zile kuta nyembamba za chuma zinazotenganisha rangi na rangi. Kioo kina tabia zake. Ni baridi, ukikigonga taratibu kwenye jino unasikia mlio mkavu wa glasi, kikivunjika kinabanduka kipande chenye kingo kali kama sahani iliyopigwa, na kwenye lensi utaona vitundu viduchu vya hewa hapa na pale. Feki nyingi za sa hivi wanamwagia gundi ya rangi ya plastiki, ukiigonga inalia butu, juu inabonyea kidogo katikati kama chai iliyopoa, na ikichubuka inachubuka kama kucha iliyopakwa rangi. Kuna watu watakwambia choma sindano uiguse usikie harufu ya plastiki. Usifanye, ikiwa ni halisi umeshaiharibu. Badala yake shuka kwa wakala yeyote wa pesa mwenye kile kitaa cha kukagulia noti bandia, iweke chini yake, gundi na rangi nyingi za kisasa zinawaka kama shati jeupe disko, enameli ya kioo kwa kawaida inabaki imenyamaza. Si kipimo cha kumaliza kesi lakini ni cha bure.

Afu ndo ugeuze. Nyuma ndo kwenye maneno. Beji za mwanzo mara nyingi zimeandikwa Ges. Gesch., maana yake muundo unalindwa kisheria. Kuanzia katikati ya miaka ya 1930 ikabidi kila mtengenezaji awe na leseni ya ofisi moja ya chama iliyokuwa München, Reichszeugmeisterei, kifupi RZM, hiyo ndo ilikuwa inasimamia vitu vyote vya chama kuanzia mashati mpaka vifungo. Nyuma utakuta herufi RZM zimeunganishwa ndani ya kiduara, halafu M1, mkwaju, halafu namba. M1 ni kundi la beji za chuma na namba ni ya kiwanda, mfano 17 ni Assmann wa Lüdenscheid, mji uliokuwa unaishi kwa vifungo na beji, na 52 ni Deschler wa München. Sasa wanaotengeneza feki wengine wavivu, wanajua lazima kuwe na alama ila hawajui maana yake, unakuta beji ya koti imeandikwa M7, na M7 ni kundi la majambia! Hiyo huhitaji lensi, weka chini uendelee na kazi zako.

Angalia pia kama herufi za hiyo alama zimekaa kali. Beji halisi ilipigwa na mashine kwenye chapa ya chuma, herufi zinasimama. Feki ya kumimina inatokana na kunakili beji nyingine, kwa hiyo herufi zinakuwa laini kama sabuni iliyotumika, kuna vishimo vya mapovu, ukingoni unaona mstari wa kiungo, na mara nyingi inatoka ndogo kidogo kwa sababu chuma kikipoa kinasinyaa. Ndo maana nikasema pima. Mwisho angalia sindano au kile kisahani cha kupenyeza kwenye tundu la kifungo cha koti. Kitu kilichovaliwa kinachakaa pale kinapogusana na nguo, hakichakai kote sawasawa, kwa hiyo kutu iliyosambaa vizuri kila kona kama siagi kwenye mkate hiyo ni kutu ya siki na udongo, imepikwa.

Kuhusu hela ndefu, punguza mategemeo. Mpaka 1945 chama kile kilishakuwa na wanachama zaidi ya milioni 8 na kila mmoja alitakiwa awe na beji, ukichanganya na wanaopoteza na kununua nyingine ni mamilioni kwa mamilioni. eBay hawaruhusu kuuza vitu vya namna hiyo. Kwa maoni yangu chako kina thamani zaidi kikiwa na historia yake kuliko mezani kwa mnunuzi asiyejulikana. Andika jina la babu, alifanyia kazi shamba gani, miaka gani, nani mwingine wa ukoo anakumbuka, piga picha na lile sanduku, halafu ongea na Makumbusho ya Taifa pale Dar. Beji tupu wanaweza wasiijali. Beji na sanduku la fundi wa Usambara, hiyo ni habari nyingine.

SWALI: Niaje mzae, kuna msee online anauza golden party badge ya Hitler, anasema ilikuwa ya jenerali, ina shada la majani ya dhahabu. Nyuma iko na namba, 250 elfu na kitu. Anataka deposit leo leo. Ni poa? (Kijana wa Nairobi)

Poa ya wapi? Usitume hata bob.

Haya, nikueleze kwa nini. Hiyo golden party badge, yaani beji ya dhahabu ya chama cha Hitler, ilianzishwa 1933 kwa wale wa zamani, wenye namba ya uanachama isiyozidi 100,000 ambao hawakuwahi kukatisha uanachama tangu chama kilipoundwa upya Februari 1925. Wengi kwenye hizo laki moja walishatoka au walikatisha, waliofaulu walikuwa kama elfu 22 tu. Ilitoka saizi mbili, ya milimita 30 na kidogo kwa yunifomu na ya kama 24 kwa suti, na namba ya mwenyewe imepigwa nyuma. Sasa namba kubwa peke yake haitoshi kusema feki, usije ukajifanya bingwa mbele za watu, kwa sababu Hitler aligawa nyingine za heshima kwa watu wasiotimiza sharti, na nyingi ya hizo nyuma zina herufi A.H. na tarehe. Ila huyo wako ana namba kubwa, hana maelezo yoyote ya heshima, ana jenerali asiye na jina na ana haraka ya deposit. Hii ndo beji inayoghushiwa kupita zote kwa sababu ndo yenye pesa, hata waliokusanya miaka 30 wanapigwa.

Na kituko kimoja cha namba za chama hicho: kilipoanza kilikuwa kidogo mpaka aibu, wakaamua kuanza kuhesabu wanachama kutoka 501 ili waonekane wengi. Hitler alikuwa 555. Feki ilianzia kwao wenyewe.

SWALI: Habari za siku kaka. Naishi Leipzig, huwa napitia masoko ya vitu vya zamani Jumapili. Nimeona kibeji cha mishale mitatu, muuzaji anasema ni cha waliompinga Hitler. Na je hivi vya swastika nikivinunua nitafungwa? (Dada wa Leipzig)

Nzuri dada. Naanza na sheria. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuonyesha hadharani au kusambaza alama za vyama vilivyopigwa marufuku, adhabu ni faini au mpaka miaka 3. Kuwa nayo kabatini kwako si kosa, na kuna nafasi kwa elimu, utafiti, sanaa na historia. Ndo maana unaona wauzaji wanabandika stika juu ya swastika. Ukiivaa au ukiiweka mtandaoni kwa majigambo hapo umejitafutia.

Mishale mitatu ndo kipenzi changu, nikiulizwa nichague beji moja nachagua hiyo. Ni ya Eiserne Front, yaani Safu ya Chuma, muungano wa Desemba 1931 wa chama cha SPD (wasoshalisti wa kidemokrasia), vyama vya wafanyakazi na walinzi wao wa Reichsbanner. Alama aliibuni Mrusi mmoja, Sergei Chakhotin, na hoja yake ilikuwa nyepesi tu: mishale mitatu inachorwa haraka kwa chaki juu ya swastika ukutani na inaifuta, halafu mtu akitaka kuchora swastika juu ya mishale, mishale bado inaonekana. Mwaka 1932 bango la SPD liliielekeza kwa Papen, Hitler na Thälmann, yaani wanaotaka ufalme urudi, Wanazi na Wakomunisti. Mwaka uliofuata kila kitu kikapigwa marufuku, na kukutwa na kibeji hicho lilikuwa jambo la kukamatwa, watu wakavitupa mitoni na kwenye moto wa jiko. Kwa hiyo halisi ni vichache kuliko vya swastika.

Ila angalia, vijana wa leo wanaopinga ufashisti bado wanavaa mishale hiyo, na inatengenezwa mipya kila mwaka. Huo si ughushi, ni beji mpya tu, kosa ni la muuzaji anayekuuzia kwa bei ya 1932. Ukiona nyuma kina kile kikofia cha kubana cha mpira au cha mabawa mawili kama kipepeo, ni kipya. Vya zamani vina sindano.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Kikwajuni, Unguja. Marehemu mama alikuwa na kibeji cha buluu chenye jua linachomoza na herufi FDJ. Cha nini? (Bi Mdogo)

Waalaykum salaam Bi Mdogo. Nyumba zenu hapo Kikwajuni, zile flati, ndo jibu lenyewe. Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, wakaja walimu, madaktari, mafundi wa kujenga, na miaka hiyo hiyo ikaja brigedi ya urafiki ya FDJ, umoja wa vijana wa huko ulioanzishwa Machi 1946. Wageni hao walikuwa wanagawa beji kama sisi tunavyogawa halua. Hakuna haja ya kupima chochote, hakuna anayehangaika kughushi kitu kinachouzwa euro mbili tatu Berlin.

Ukikuta kingine cha yai chenye mikono miwili imeshikana, hicho ni cha chama tawala cha Ujerumani Mashariki, SED, mikono ni ya Pieck wa Wakomunisti na Grotewohl wa SPD walipounganisha vyama vyao Aprili 1946. Wananchi wenyewe walikiita kwa kejeli Bonbon, peremende.

Kama mama aliacha picha za wakati huo angalia nyuma yake kwanza, mara nyingi kuna jina na mwezi kwa kalamu ya wino. Ukipata nitumie, hiyo naitaka kuliko beji.