Usiape kwa kosa la bosi wako

Ndugu uliyeuliza kama ukubali kuapa kwamba wewe karani ndiye uliyechelewesha notisi ya rufaa, ilhali wakili ndiye aliyesahau: usiape. Mimi niliapa.

Nilikuwa karani wa wakili mmoja Mwanza miaka sita. Mzee yule alinifundisha kazi, akamlipia mdogo wangu ada. Siku 30 za kupeleka notisi ya rufaa, yaani taarifa ya kusudio la kukata rufaa, Mahakama ya Rufani zilipompita, aliniita, akafunga mlango: "Mwanangu, tusaidiane hapa." Kiapo kilikuwa kimeshachapwa. Kilisema alinikabidhi notisi mapema, nikashikwa na malaria, ikabaki kwenye droo yangu. Sikuugua hata mafua. Kamishna wa viapo hakuniuliza kitu, akagonga muhuri wino ukanibaki kidoleni.

Maombi ya kuongezewa muda yakatupwa. Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili kwa kawaida si sababu ya kutosha kuongeza muda, na uliyechelewa unatakiwa kueleza kila siku iliyopita. Kwa hiyo uongo wangu haukuokoa chochote. Mteja, mama mjane, shamba lake likaenda. Alikuja ofisini moja kwa moja hadi mezani kwangu na nakala ya kiapo mkononi: "Kumbe ni wewe?" Mzee alikuwa amesimama mlangoni pale pale. Akanyamaza.

Wengine humu wamekwambia mdogo humkinga mkubwa, na kwamba hata kwenye siasa ndiyo desturi. Si kweli kwamba ni lazima iwe hivyo. Watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza, Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Hakumtesa mtu kwa mkono wake, lakini wizara ilikuwa yake, na mwaka 1977 akajiuzulu. Mwaka 1985 akawa Rais wa nchi hiyohiyo. Ningetamani mawakili wetu wafundishwe hilo kabla hawajavaa joho.

Sasa upande wako. Wakili akilalamikiwa anakwenda Kamati ya Mawakili, inayoshughulikia nidhamu yao. Wewe ukiapa uongo umetenda jinai, na jina lililo kwenye karatasi ni lako. Mwambie kwa heshima kwamba utaapa kwa yale unayoyajua tu: tarehe uliyopokea waraka, tarehe ulioingia masjala au kwenye mfumo wa mahakama. Daftari la kupokelea nyaraka lipige picha leo, usingoje kesho.

Utii wako kwake mwonyeshe kwa kazi. Kamsaidie kuandaa maombi yenye maelezo ya kweli, hata kama yatamfedhehesha.

Akikufukuza, omba barua yenye sababu, halafu peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi. Una siku 30 tangu kuachishwa, na hizo zihesabu mwenyewe.